Mkia wa Paka Huimbwa Asubuhi

Dada yangu anayekaa Ukunda alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, na hata salamu hakuanza nayo. "Mdogo wangu, umewaharibu paka wa mama," alisema. "Nimemsikia mwanao akimbembeleza mtoto wa jirani. Paka wa msikitini amebandikwa mkia wa paka wa kisimani! Jamani, binti yangu yu karibu kujifungua. Nataka mjukuu wangu aimbiwe sawasawa. Hebu zipange upya nyimbo hizo, nije nizirekodi."

Nilimsikiliza hadi mwisho, nikamaliza chai yangu, kisha nikamwandikia neno moja tu: sibadilishi.

Akanipigia, sikushika. Akaandika kwamba mimi ni mkaidi tangu utotoni, kwamba nyimbo zile si mali yangu peke yangu, na kwamba mama akisikia atasikitika. Hilo la mama lilinichekesha, maana dada yangu hajui mama alisema nini asubuhi ile pale dirishani hospitalini. Hakuwepo. Wakati huo alikuwa Mombasa na mumewe, na sisi tuliokuwepo hatukuwahi kumsimulia, kwa sababu kila tulipotaka kuanza mmoja wetu alianza kulia. Basi nasimulia mimi, na sitalia.

Kwanza paka wenyewe. Katika nyumba yetu ya Msambweni watoto hulazwa kwa nyimbo za paka. Sisemi Msambweni nzima, nasema nyumba yetu. Mama alikuwa mama karanga, mmoja wa wale wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi na kuwakaanga ili wauze, na paka wa mtaa mzima walimfuata kila alipokwenda. Lakini nyimbo zilikuwapo kabla ya karai lake. Nyingi alizirithi kwa bibi yetu, na bibi alizikuta kwa mamake, nazo zina vina na mizani sawa na tenzi za watu wazima za mambo mazito. Tofauti ni kwamba hizi zina paka. Yuko paka wa harusini, anayekaa mkao wa bibi harusi huku akiliwazia sinia la pilau. Yuko paka wa kisimani, yuko wa msikitini. Yuko pia paka anayeuza samaki, na huyu ndiye tuliyempenda kuliko wote, kwa kuwa wenzake tuliwaona kila siku chini ya meza ya mama:

Paka muuza samaki,
mteja humdhihaki,
bei haipunguziki...

Hapo mama alinyamaza. Alinyamaza papo hapo kila siku. Desturi yetu ni kwamba mstari wa mwisho wa wimbo hauimbwi mtoto anapolala. Mstari huo tunauita mkia. Mtoto hulala na paka asiye na mkia, na mkia wenyewe huimbwa mtoto akifumbua macho, kabla hajanawishwa uso. Kwa hiyo asubuhi ndipo mama alipotuinamia na kutuimbia mkia wa muuza samaki yule: mali yote i tumboni. Tulicheka kila mara utadhani hatujawahi kuusikia.

"Ukimpa mtoto wimbo mzima," mama alikuwa akisema, "ataamka kufuata nini?"

Matokeo yake ni kwamba sisi watoto wa nyumba hii tunazijua nyimbo zetu kwa vipande. Dada yangu, mkubwa na mwangalifu, aliviunganisha kichwani mwake vipande vile. Mimi sikuunganisha chochote. Nilikuwa na paka wa usiku upande mmoja na mikia ya asubuhi upande mwingine, na mikia yote huishia kwa "ni", na yote ina mizani minane, kwa hiyo wowote humkaa paka yeyote kama kifuniko cha sufuria ya jirani. Hilo halikunisumbua hata kidogo mpaka nilipozaa.

Mwanangu alizaliwa mapema mno, siku zake hazijatimia. Nilikuwa nimeinama nafagia uwanja, nikahisi maji, na kabla ya magharibi nilikuwa mama wa mtoto aliyeenea kwenye viganja vya muuguzi. Mume wangu ni fundi wa kujenga. Alikuja kutoka kazini Diani na vumbi la saruji bado kwenye nywele, akamtazama mtoto, akatoka nje. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe niliogopa kumtazama kwa muda mrefu, nikidhani kwamba hata macho yangu ni mazito kwake.

Wauguzi walinifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, nimefungwa naye kwa leso, ili joto langu liwe lake. Maziwa nilikamua, akanyweshwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani. Kazi yangu nyingine ilikuwa kumwangalia kama anapumua. Watoto wa namna ile husahau kupumua. Akisahau, unampigapiga wayo kwa kidole mpaka akumbuke. Nilifanya hivyo na kufanya tena, na kila alipokumbuka nilitamani kumgombeza kwa kunitia hofu.

Ndani ya chumba kile waliruhusiwa akina mama wa watoto peke yao. Nje, chini ya dirisha ambalo vioo vyake havikufungika vizuri, kulikuwa na benchi, na juu ya benchi walikaa wanawake wawili. Mmoja alikuwa mama yangu, aliyefika kila alfajiri na chupa ya chai na mahamri yaliyofungwa kwa kitambaa. Mwingine alikuwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, aliyeshuka kutoka Kinango na kibuyu cha samli na maneno machache. Walikaa pamoja mchana kutwa. Walichokubaliana, bila hata kushauriana, ni kwamba mtoto wangu asizoewe.

Siku ya saba ilipofika mume wangu alitaka kumpa jina. Mavyaa alimzuia pale pale dirishani, nami nikisikia.

"Jina lingoje," alisema. "Mimi nilizika wawili kabla yako. Wa kwanza nilikuwa nimempa jina, na hadi leo nikilisikia likiitwa mnadani Kinango, mtu anamwita mwanawe tu, mimi nageuka. Wa pili sikumpa. Nakwambia mwanangu, msimpe."

Nilimwelewa, na nilichukia kumwelewa. Huyu hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amesimama mlangoni pa maumivu aliyoyajua, akijaribu kunizuia nisiingie, lakini mimi nilikwisha kuingia zamani na mtoto nilikuwa naye kifuani.

Nilimgeukia mama. Nilidhani yeye atakuwa upande wangu. "Mama," nilimwambia kupitia dirisha, "mwimbie mjukuu wako. Hata paka mmoja tu."

Mama alikuwa akinimiminia chai. Hakuinua uso. "Arobaini haijafika."

Hiyo nayo ni desturi yetu, na ni kweli kwamba niliijua. Mtoto haimbiwi paka mpaka siku ya arobaini, anapotolewa nje kwa mara ya kwanza na kuonyeshwa uwanja na watu. Kabla ya hapo, mama husema, mtoto ni mgeni tu, bado yuko kwenye kuja, na hujui kama atakaa. Nyimbo huita. Huwezi kumshika mgeni nguo.

"Mama, huyu huenda asiifike hiyo arobaini."

"Ndiyo maana," alisema mama, akanipitishia kikombe kwenye nafasi ya kioo. "Kunywa. Umekula?"

Hasira zilizonipanda siku ile nazikumbuka hadi leo, na sizionei haya. Kila siku aliniuliza kama nimekula, kama nimelala, kama mgongo unauma. Mtoto hakumuulizia hata mara moja. Alikuwa mita chache kutoka kwa mjukuu wake, wametenganishwa na kioo na desturi, na kioo ndicho kilichokuwa na nafasi.

"Basi mimi nitamshika nguo," nilimwambia. "Nitamshika nguo na nywele na kila kitakachoshikika. Na nitaimba mimi."

"Wewe hujui kuimba," alisema mama. Haikuwa kejeli. Aliyasema haya kama mtu anayesema leo kuna upepo.

Jioni ile nilianza. Nilimchagua paka wa kisimani kwa sababu ndiye pekee niliyemkumbuka bila kukwama:

Paka alikwenda teka
maji, ndoo kajitwika,
chini akaona paka...

Nikanyamaza, kama inavyotakiwa. Muuguzi wa zamu, msichana wa bara mwenye moyo mzuri, alikuwa akiandaa vifaa vyake. "Si umalizie, mama," aliniambia. "Hiyo song imekatikia pazuri sana. Alafu mtoto anaskia, ona vile ametulia."

"Nitaimalizia asubuhi."

"Na asubuhi utakumbuka?"

Nilimwambia nitakumbuka, na huo ulikuwa uongo. Kulipokucha mwanangu alifumbua jicho moja, kisha la pili, nami nikatafuta mkia kichwani. Nilipata mikia mingi. Nikachukua ule uliokuja mdomoni kwanza: akalala mlangoni.

Nje, kwenye benchi, mtu alikohoa.

Siku iliyofuata nilimwimbia paka yule yule na kumpa mkia ule ule, na kikohozi kikarudi, kirefu zaidi. Siku ya tatu nilijaribu yule muuza samaki, nikamrudisha pwani kwa mkia wa paka mwingine kabisa. Hapo dirisha liligongwa.

"We!" Sauti ya mama ilijaa chumba kizima, akina mama wengine wakageuka. "Paka gani huyo wa kuuza samaki halafu anarudi pwani? Ametoka wapi? Si yuko pwani tangu hapo! Anayerudi pwani ni yule wa lori. Na wa kisimani halali mlangoni, wa kisimani anauliza. Anaona kivuli chake majini, akauliza: U nani?"

"Basi njoo uimbe wewe."

"Arobaini haijafika."

"Basi nyamaza. Paka wangu atalala popote nitakapomlaza."

Alinyamaza. Lakini mtu aliyekaa maisha yake yote na kitu kilichopangika hawezi kustahimili kukisikia kikipangwa vibaya, na mama hakuweza. Asubuhi iliyofuata nilikosea tena, akanisahihisha tena. Nyingine vilevile. Na mimi nikiwa nimelala pale na mwanangu chini ya leso, nikagundua jambo lililonifanya nitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Mama yangu, aliyekataa kumwimbia mtoto kabla ya arobaini, alikuwa akimwimbia mkia kila alfajiri. Alidhani anafundisha. Mtoto, kwa upande wake, hakujali nia. Alisikia sauti ya bibi yake, akageuza kichwa kuelekea dirishani.

Basi nikawa nakosea makusudi. Nilimpa paka wa harusini mkia wa muuza samaki, kisha nikamhamishia wa lori. Nilibuni hata mkia ambao haukuwahi kuwapo duniani, wa paka kwenda shambani, na mama karibu apande juu ya benchi. Alisahihisha kwa sauti, kwa hasira, kwa mizani minane kamili. Mavyaa alikaa kando yake akitazama chini, na siku moja nilimsikia akimuuliza mama, polepole, kama kweli yupo paka aliyefika Taru.

"Yupo," alisema mama. "Huyo nimemtunga mwenyewe. Nilisafiri kwenda harusini huko juu, nikakaa juani kando ya barabara nikingoja gari, nikamkuta paka wa pwani ameketi juu ya lori la watu." Akamwimbia hata ubeti:

Paka kadandia lori
hadi Taru kwa safari,
kakuta jua la nari...

Mavyaa alicheka. Taru si mbali na kwao, na kuhusu jua la huko hakuhitaji kufafanuliwa.

Niliidaka nafasi ile. "Mama, enzi za bibi malori ya kwenda Taru yalikuwako nyimboni?"

"Hayakuwako."

"Nani alikupa ruhusa ya kuyatia?"

Mama alilikaza fundo la kitambaa cha mahamri. Akasema, "Unanichezea wewe." Nikamwambia ndiyo, namchezea, na nitaendelea. Hakukasirika. Aliuliza, kwa mara ya kwanza, kama mtoto amelala.

Ningependa kusema kuwa kuanzia hapo mambo yalikwenda vizuri. Hayakwenda. Jioni moja, wakati adhana ya magharibi inamalizika, mwanangu alisahau kupumua na nilipompiga wayo hakukumbuka. Niliita. Yule msichana wa bara alikuja mbio na mwenzake, wakamtoa kifuani kwangu, wakamlaza chini ya taa, wakamwekea oksijeni. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mimi nilibaki nimesimama, leso imefunguka, kifua kimepata baridi pale alipokuwa.

Walimrudisha. Baadaye kidogo aliondoka tena, wakamrudisha tena. Muuguzi aliniambia, akinitazama machoni, kwamba wanafanya wawezavyo na kwamba nikae karibu nimguse. Nilikaa. Nikaweka kidole kwenye kiganja chake. Nikaanza kuimba, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu haikuwa na kazi nyingine ila kile kidole kimoja:

Paka kaosha sharubu
na mkia wa ajabu,
kwa heshima na adabu...

Nikakata.

Mavyaa alikuwa amesimama dirishani, uso umegusa kioo. Alikuwa akilia. "Mmalizie, mwanangu," aliniambia. "Tafadhali mmalizie wimbo. Asiondoke na kitu kilichokatika. Wa kwangu niliwanyima. Mpe mkia wake, aende ametimia."

Aliyasema kwa upendo, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari yake. Nilitaka sana kumtii. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka. Niliona jinsi itakavyokuwa: nitaimba mstari ule mfupi, kitu kitafungwa vizuri, watu watasema mama yake alimuaga. Na nilihisi ndani yangu ukatili ambao sijawahi kuuhisi tena, ukatili wa kumkatalia mtoto wangu ruhusa.

"Hapana," nilisema. "Mkia ni wa asubuhi."

"Mwanangu..."

"Ni wa asubuhi! Akiutaka auamkie!"

Nilipiga kelele hospitalini, mbele ya akina mama wenzangu na watoto wao. Muuguzi hakunikataza. Na kutoka nje ya dirisha, nyuma ya mavyaa, ilikuja sauti ya mama yangu, mlinzi wa arobaini, mwanamke aliyeniambia nisimshike mgeni nguo.

"Mwacheni," alisema. "Amesema kweli. Mkia huimbwa asubuhi."

Hawakwenda nyumbani. Kila nilipoinua macho niliviona vile vichwa viwili dirishani. Sitasimulia saa zile. Nilimshika mwanangu kiganja, naye akapumua, akasahau, akapumua.

Kulikucha. Mwanga uliingia kwanza kwenye ile nafasi ya kioo. Mwanangu alikunja uso kama mzee aliyeamshwa bila idhini, kisha akafumbua macho na kunitazama. Muuguzi alinirudishia kifuani, nikamfunga leso, nikainama kumpa haki yake. Sikuwa na akili iliyobaki. Sikuwa nikimchezea mtu. Nilifungua mdomo na mkia uliotoka haukuwa wake:

Paka kaosha sharubu
na mkia wa ajabu,
kwa heshima na adabu
akauliza: U nani?

Nilijua papo hapo kuwa nimekosea. Paka wa msikitini haulizi kitu. Paka wa msikitini, baada ya usafi wake wote, akalala mlangoni, kwenye viatu vya watu. Hata mimi hilo nilikwisha kulishika, baada ya masomo yote yale ya dirishani. Nikangoja kusahihishwa.

Hakuna aliyekohoa. Nilitazama dirishani. Mama alikuwa amesimama, kiganja juu ya kioo, akimwangalia mjukuu wake. Hakuwa akiniangalia mimi. Alimwangalia yeye, kwa mara ya kwanza, bila kujificha.

"Mama, nimekosea," nilisema.

"Hujakosea." Alimgeukia mavyaa. "Umesikia, dada? Paka ameuliza. Ameosha uso, amekuja na adabu zake, anamuuliza mtoto yeye ni nani. Mtamnyamazia mpaka lini? Mjibuni."

Mavyaa alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Nilidhani atakataa, na ningemwelewa. Akatamka jina. Lilikuwa lile la yule wa kwanza aliyemzika, jina lililokuwa likimgeuza shingo mnadani Kinango. Alilitamka kwa nguvu, kama anayeita mtu aliye mbali, na mwanangu akageuza kichwa. Mume wangu alipofika na mifuko ya matunda alikuta jina limekwisha kupatikana na hakuna aliyemuuliza. Alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono.

Arobaini yake ilitukuta bado tuko wodini. Mama hata hakuitaja.

Basi hayo ndiyo dada yangu asiyoyajua, na ndiyo maana nilimwambia sibadilishi. Alikuja hata hivyo, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na simu yake imejaa chaji. Mama siku hizi miguu haimtii, hushinda barazani na paka wawili wasio wa kwake, lakini sauti anayo. Dada alimpigia magoti akamwamkia, akanishtaki kwake kwa kirefu, kisha akamwekea simu mbele.

"Mama, tuimbie wewe mwenyewe wa msikitini, ili ubishi uishe."

Mama aliimba. Aliimba mstari kwa mstari, mpaka sharubu, mpaka mkia wa ajabu, mpaka heshima na adabu. Halafu akanyamaza.

"Na mwisho?" dada aliuliza.

"Mwisho ni wa asubuhi. Umekaa Ukunda mpaka umesahau?"

"Mama, mimi narudi leo. Nimeacha watu nyumbani."

"Basi rudi na paka asiye na mkia," alisema mama, na akaomba maji ya kunywa.

Dada yangu alilala kwetu, kwa leso ya kuazima na kwa kununa. Asubuhi alituamsha sote mapema, simu mkononi. Mwanangu alikuwa bado kwenye mkeka na tongo machoni, miguu mirefu imetoka nje ya shuka. Mama alisaidiwa kuketi. Alimtazama dada, akanitazama mimi, kisha akamwinamia mjukuu wake, akaimba:

"Akauliza: U nani?"

Dada alifungua mdomo. Kabla hajapata neno, mwanangu alijibu, kama anavyojibu kila asubuhi tangu ajue kusema. Alijibu kwa jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake, kwa sauti kubwa, bila kufumbua macho vizuri. Jirani aliyekuwa akifagia ng'ambo ya ua alimwitikia.

"Lakini mama," dada alisema, "huo si mkia wake. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Nilifundisha hivyo," alisema mama. "Umerekodi?"

"Nimerekodi."

"Na binti yako atajifungua lini?"

"Mwezi ujao, inshallah."

"Basi nendeni mkamtafutie mtoto jina sasa hivi," alisema mama. "Huyu paka hangoji arobaini."